Kilichoamka Mgongoni mwa Binti Yangu

Wako watu hapa Mesquite, kando ya jiji la Dallas, wanaosema kwamba binti yangu alipelekwa anga za juu. Wengine wanasema hakupelekwa, bali alidungwa damu ya kima aliyewahi kupelekwa. Yupo pia aliyesema, na maneno yake yalinifikia yakiwa yamekwisha kupita vinywa kadhaa, kwamba msichana alirudi kutoka Houston na ule ugonjwa ambao watu wetu hawapendi kuutaja, na kwamba habari ya utafiti ilikuwa pazia tu. Hayo nimeyasikia. Sikuyaona, wala sijakutana na mtu aliyeyaona.

Niliyoyaona ni machache. Nilimwona binti yangu akitoka kwa miguu yake katika jengo moja la utafiti mjini Houston. Niliuona mgongo wake. Niliiona ngozi ya mama yake, asubuhi baada ya asubuhi. Kati ya hayo yamo niliyoyasoma, ambayo si ushahidi wa macho lakini si uvumi pia. Nikiyafikia nitasema kwamba niliyasoma.

Mke wangu anaishi kwa figo ya mtu mwingine. Alipandikizwa hapa Dallas, na tangu siku hiyo anameza dawa za kuutuliza mwili wake usimfukuze mgeni huyo. Mwili uliotulizwa hivyo haumpigi adui yeyote barabara. Kabla ya kupasuliwa, vipimo vilionyesha kwamba hakuwahi kuugua tetekuwanga. Madaktari wa hapa walishangaa. Sisi hatukushangaa, kwa maana kwetu wengi hufika utu uzima bila kukutana nayo. Chanjo yake hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na sharti itangulie upasuaji kwa wiki kadhaa. Figo ikapatikana mapema kuliko tulivyotarajia, na figo haingoji. Baada ya hapo chanjo ikawa marufuku. Daktari aliniambia uso kwa uso kwamba tetekuwanga, ambayo kwa mtoto ni homa na kujikuna, kwa mke wangu ingeweza kuingia mapafuni, kwenye ini, hata ubongoni. Tuliacha kwenda kwenye sherehe zenye watoto. Kanisani tulikaa safu ya nyuma, karibu na mlango.

Binti yetu anaishi Gulfton, Houston, katika mojawapo ya yale majengo ya vyumba vilivyosongamana ambamo kila ngazi ina lugha yake. Alikuwa amemaliza shahada na hajapata kazi ya kudumu, ndipo akakubaliwa katika utafiti wa kulala. Kazi yake ilikuwa kulala wiki nyingi juu ya kitanda kilichoinamishwa, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu. Alikula amelala, akaoga amelala, akafanya haja zake amelala. Mtu akilazwa hivyo, damu huhamia kifuani na kichwani, misuli hunywea, na mwili huanza kufanana na ule wa mwanaanga aliyekosa uzito. Ndivyo wanavyochunguza yatakayowapata wasafiri wa mbali bila kumrusha mtu.

Nilifundisha elimu ya viumbe katika shule za upili maisha yangu yote ya kazi, na nimezoea kuwaambia wanafunzi, hata wale waliokasirika, kwamba binadamu tumo katika kundi moja na kima na sokwe. Basi nilisoma. Nilisoma kwamba kima waliowahi kurushwa walirudi na seli za damu zilizokuwa nzito kuitikia mwito wa kupigana. Nilisoma kwamba wanaanga, watu waliochaguliwa kwa uzima wao, hukutwa katika mate yao na virusi vilivyokuwa vimelala miilini mwao tangu utotoni, vikaamka huko juu kinga iliposinzia. Kirusi cha tetekuwanga ni kimojawapo. Mtoto akipona, chenyewe hakiondoki. Hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, kikakaa humo miaka. Binti yetu aliugua tetekuwanga akiwa shule ya bweni, akauguzwa hukohuko, akarudi likizo na makovu tu. Mama yake hakuikuta hata homa.

Nilimwambia kwa simu, "Ukitoka, waombe wakupime mate kabla hujaja kwa mama yako."

Akacheka. "Baba, mimi siendi mwezini. Nimelala tu."

Hapo ndipo watu wetu walipoingia. Watu wetu hawawezi kusikia kwamba mtu yuko kitandani wasiende kumjulia hali. Kinamama wa kanisa lake huko Houston walibeba chupa za uji na supu ya mifupa, wakaendesha magari hata kutoka Katy, nje kabisa ya jiji, na pale mapokezini wakaambiwa hakuna mgonjwa ndani, kuna washiriki, na washiriki hawatembelewi wala hawaletewi chakula. Walirudi na supu yao wakiwa na hakika kwamba msichana yu mahututi. Siku hiyohiyo simu ya mke wangu haikunyamaza. Jirani yetu, mama wa Kirundi anayefanya kazi ghalani, alinikuta nikitoa takataka.

"Mwalimu, eti binti wamempeleka mwezini?"

"Yuko Houston. Amelala kitandani."

"Amelala? Analipwa kulala?" Akapiga makofi mara moja. "Na mimi ninayesimama usiku kucha na maboksi, nani atanilipa kulala? Waambie nina uzoefu!"

Nilicheka, nadhani kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Utafiti ulipokwisha niliendesha gari mwenyewe kwenda kumchukua. Alitoka akitembea polepole kama mtu aliyeshuka melini, amekonda miguu, anatabasamu. Njia yote ya barabara kuu ya kurudi kaskazini hakuegemea kiti. Alikaa upande, bega mlangoni, na kila gari liliporuka alivuta pumzi kwa meno. Nilimwuliza ana nini. Akasema ni gundi ya zile waya walizombandika; imemchubua. Ilikuwa sababu ya kuaminika. Nilikuwa nimeziona waya hizo kwenye kioo cha simu, na kioo cha simu nakihesabu kuwa nusu ya ushahidi.

Mama yake alimpokea mlangoni kwa vigelegele. Wakala, wakasimuliana hadi sauti zikawakauka, na walipokwenda kulala mama akakataa binti alale peke yake. Walilala kitanda kimoja. Asubuhi nilipopita uani nilimwona mke wangu ameinama juu ya beseni akifua nguo za msafiri kwa mikono. Mashine ya kufulia iko ndani, hatua chache tu, lakini mke wangu hajawahi kuiamini kwa nguo za mtu aliyetoka mahali pageni. Mikononi alikuwa na fulana nyeupe, anaikamua.

Siku hiyo alasiri kinamama wa Mesquite walikuwa waje kwa maombi ya shukrani. Mke wangu alipasha mafuta ya nazi, akamwita binti amkande mgongo kabla wageni hawajafika, kama akandwavyo mtu aliyeinuka kitandani. Nilikuwa sebuleni. Nikasikia binti akisema hapana, kisha hapana tena, kisha kilio kifupi kama cha mtu aliyeguswa na pasi ya moto.

Nilisimama. Sikuwa nimeona kitu, ila nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu sauti ya ngozi inayouma, na nilikuwa nimemwona safari nzima akikaa upande mmoja. Nikaenda hadi mlango wa chumba. Mke wangu alikuwa ameshika bakuli la mafuta. Binti amejibana ukutani, ameshikilia blauzi yake chini kwa mikono miwili.

"Amekataa kukandwa," mke wangu alisema. "Houston wamemfundisha haya mpya."

Niseme jambo wageni wasilolijua. Kwetu, baba haingii hata chumba anamolala binti aliyekwisha kuvunja ungo. Jambo la mwili wake ni la mama yake, na kama mama hayupo ni la shangazi. Shangazi zake wako mbali, ng'ambo ya bahari. Mwanamke pekee aliyekuwa na haki ya kuinua blauzi ile alikuwa ndiye mtu pekee katika nyumba ile asiyepaswa kuikaribia.

"Mama, toka humu," nilimwambia mke wangu.

"Nitoke niende wapi?"

"Nenda jikoni. Nawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, usijiguse uso."

"Mwalimu, una wazimu? Unanifukuza mimi ndiyo ubaki na msichana?"

"Nitakueleza ukiwa jikoni. Toka!"

Sijawahi kumpigia kelele hivyo. Aliweka bakuli juu ya meza ya kioo, akafyonza, akatoka. Nikafunga mlango.

"Baba, tafadhali," binti alisema. "Si vizuri."

"Najua si vizuri. Geuka."

Akageuka, akainua blauzi nyuma, uso ameuficha ukutani. Nikatazama.

Ulikuwa ukanda wa upana wa kiganja. Ulianzia kwenye uti wa mgongo, ukazunguka chini ya mbavu za kulia, ukapotelea mbele. Juu ya wekundu yalikaa malengelenge, makundi kwa makundi, mengine yamejaa maji angavu, mengine yamepasuka na kugandamana na nguo. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa safi kama karatasi. Mpaka ulikuwa umenyooka katikati ya mgongo. Miaka mingi niliuchora mchoro ule ubaoni kwa chaki nyekundu, neva ikitoka uti wa mgongo na kukumbatia ubavu. Sikuwahi kuuona juu ya mtu, na nilipouona juu ya mwanangu hofu iliyonishika haikuwa kwa ajili yake. Nilikuwa naiona fulana nyeupe ikikamuliwa.

"Ilianza lini?"

"Kuwashwa kulianza kabla hawajaniinua. Nilidhani ni gundi kweli. Vipele vimetoka siku ile ya kuondoka."

"Uliwaonyesha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akaishusha blauzi. Kisha akasema, bado ameuangalia ukuta, "Baba, unajua wanachosema nyumbani mtu akitoka mkanda wa jeshi."

Nilijua. Katika miaka ile mibaya, kijana akitokwa na mkanda wa jeshi majirani hawakuhitaji kipimo. Walianza kunywea chai nje ya nyumba yake. Mmoja wa walimu wenzangu alivaa koti mwezi mzima wa jua kali ili tusiuone wake. Tuliuona hata hivyo, na hakuna aliyekalia kiti chake tena. Binti yangu alikuwa mtoto wakati huo, na nilidhani watoto hawaoni.

"Nilipimwa kabla ya kuingia," alisema. "Sina kitu. Lakini nani atauliza? Na leo wanakuja wote. Halafu nilisoma, Baba. Nimesoma kwenye simu kabla sijaingia garini mwako. Mkanda wa jeshi hauambukizwi."

"Ni kweli. Mkanda hauambukizwi. Lakini maji yaliyo ndani ya hayo malengelenge ni tetekuwanga, na hayo yanaambukiza mtu asiyewahi kuugua."

Akageuka kunitazama. Niliona neno hilo linavyomwingia. "Nimelala naye," alisema.

"Najua."

"Baba, nimelala naye kitanda kimoja!"

Kengele ya mlango ikalia. Binti akanishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto wake. "Usiseme mbele yao. Sema nina homa. Sema lolote."

Nilifungua mlango. Walisimama kibarazani na vitenge vya sare na mabakuli yaliyofunikwa, na mbele yao mwenyekiti wao, mama mwenye sauti ya kwaya, muuguzi wa wagonjwa mahututi. Nyuma yake msichana mmoja alimpakata mtoto mchanga.

"Mzee wetu! Tumefika. Yuko wapi mwanaanga wetu tumguse, na sisi tupate kupaa?"

"Leo hamtaingia."

"Ala! Hata chapati? Chapati haina kosa, Mzee."

Wakacheka wote. Nilimtazama yule mtoto mchanga, nikaona kwamba uongo wa homa ungemruhusu aingie.

"Binti yangu ana mkanda wa jeshi," nilisema.

Kicheko kilikatika kama kamba. Mmoja akasema, "Yesu." Mwingine akahamisha bakuli kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akaangalia viatu vyake. Nikajua kwamba wakati ule ule, kibarazani kwangu, habari ilikuwa imekwisha kuvaa nguo nyingine. Mwenyekiti peke yake hakubadilika uso, au ulibadilika ukawa wa kazini.

"Mama aliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Hapana."

"Na figo ile?"

"Ndiyo hiyo. Walilala pamoja. Na amefua fulana yake kwa mikono."

Akaweka chapati zake chini sakafuni, akatoa simu. "Piga ile namba waliyowapa ya watu wa figo. Kama huipati naipata mimi. Wewe mwenye mtoto, tangulia garini. Nyinyi wengine mfuateni."

"Dada, si tungeomba kidogo kwanza?" mmoja alinong'ona.

"Ombeni kwenye gari. Mungu anasikia hata kwenye maegesho." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Msichana nitamchukua kwangu. Mimi niliugua nikiwa mdogo, na wangu wote wamechanjwa. Wewe mpeleke mama. Sasa hivi, Mzee. Usibadili hata viatu."

Hospitalini walimchoma mke wangu sindano za kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya watu wengine, wakampa na vidonge. Daktari alisema tumewahi. Nilimwuliza kama kuwahi ni kupona. Alikuwa mtu mwaminifu. Akasema kuwahi ni kuwahi. Tukarudishwa nyumbani kungoja, karibu mwezi mzima, kwa kuwa sindano yenyewe huweza kuuchelewesha ugonjwa bila kuuzuia.

Sijui kama msomaji amewahi kuogopa kwa utaratibu. Kila asubuhi nilifungua pazia la chumba chetu, mke wangu akasimama kwenye mwanga, nami nikamkagua: nyuma ya masikio, kwenye mizizi ya nywele, kifuani, mgongoni, tumboni juu ya kovu la figo. 

"Unanikagua kama ng'ombe wa mnadani," alisema siku moja.

"Simama wima."

"Nimesimama. Funga hilo pazia nusu, mkata majani wa jirani ananiona bure."

Alinitania hivyo kila siku, nami nilijua alichokuwa akifanya. Alipokwisha kuvaa nilikwenda bafuni, nikafungulia maji, nikaketi ukingoni mwa beseni la kuogea hadi mapigo ya moyo yatulie. Nikisikia akikohoa nilisimama. Akichelewa kuamka nilisogeza sikio karibu na pua yake.

Binti alipiga simu kila siku saa ya ukaguzi.

"Baba, Mama ameamkaje?"

"Sijaona kipele."

"Yaani yuko salama?"

"Sijaona kipele."

Aliniuliza pia kama ni kitanda kile kilichokiamsha kirusi. Nilimwambia ukweli: nimesoma kwamba kinga ya aliyelazwa hivyo inaweza kulegea, lakini watu hupata mkanda wa jeshi wakiwa wamekaa ofisini. Niliona kwamba alilala, na niliona kwamba ulitoka. Kamba inayounganisha mambo hayo mawili sikuiona. Watafiti aliwapigia mwenyewe, kwa shauri la yule muuguzi, akawaambia alichokuwa amekificha. Walichomjibu anakijua yeye.

Uvumi wa kima ulinifikia wiki hizo, na ule mwingine pia. Sikuujibu. Nilikuwa na ngozi ya kukagua.

Asubuhi moja nilikiona. Kilikuwa nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama, kina tone la maji. Nikakagua tena nikitumaini nimekosea. Kilikuwepo kingine tumboni, na kingine chini ya titi. Mke wangu alikuwa ananitazama usoni, akaacha kutania.

"Wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Alijigusa, akavaa gauni lake taratibu, akafunga kilemba kama aendaye kanisani. "Usimwambie mtoto kabla hatujafika," alisema. "Atajiua kwa mawazo."

Walimlaza katika chumba chenye milango miwili, dawa ikiingia mshipani. Homa ilipanda. Vipele vikamjaa mgongoni na kichwani. Ndipo daktari aliponieleza jambo ninaloliogopa hadi ninapoandika: walikuwa wamepunguza zile dawa zinazoilinda figo, ili mwili uamke upigane. Mwili ukiamka humpiga kila mgeni. Niliketi pale nikiwa nimefunikwa pua na mdomo, nikiutaka mwili wa mke wangu uamke, na papo hapo nikiuomba usiamke sana.

Homa imeshuka. Daktari anasema mapafu ni safi na figo bado inashika. Hayo nimeambiwa, na ninamwamini, lakini figo sikuiona. Binti yetu yuko chini kwenye maegesho ya hospitali. Magamba yake yalikwisha kudondoka zamani na hakuna anayemzuia kupanda, ila bado hajapanda.

Leo asubuhi mke wangu alijiinua mwenyewe akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kagua, Mwalimu," alisema, akashusha gauni la hospitali mabegani. Nilifungua pazia. Nikaanzia nyuma ya sikio la kushoto, nikashuka shingoni, mgongoni, hadi kiunoni, nikarudia upande wa pili. Kila kipele kilikuwa kimekauka na kufunga gamba jeusi. Sikuona kipya hata kimoja, wala chenye maji.